Blanketi la Kumi na Mbili

Mablanketi yalikuwa kumi na mawili, na katika nyumba ile hakuna aliyewahi kujifunika hata moja. Yalikaa chini ya kitanda cha Hajja Wahiba, kila moja ndani ya mfuko wake mgumu wa plastiki wenye zipu, na zipu imefungwa kwa uzi mwekundu wa kiwandani. Uzi ule ndio uliokuwa kila kitu. Ukikatwa, blanketi si jipya tena, hata kama halijatoka mfukoni. Sisi wa Mahalla, hapa Misri, hatufundishwi hilo, tunazaliwa tukilijua. Mama wa bwana harusi akija kutazama vyombo anavyoolewa navyo mkwewe, jicho lake linatua kwenye uzi kabla ya kutua kwenye rangi.

Inshirah alianza kuyanunua bintiye Rihab akiwa darasa la tatu. Moja kwa mwaka, wakati mwingine moja kwa miaka miwili, na sufuria, na mataulo, na vikombe vya chai ambavyo mpaka leo havijaonja chai. Mumewe, Mitwalli, alikuwa fundi wa mitambo ya kufumia kwenye kiwanda cha nguo. Mshahara wake kwa mwingine usingevuka wiki ya kwanza ya mwezi, lakini kwa Inshirah ulivuka mwezi mzima na kubakisha. Mimi ni jirani yao, nimekaa nao ngazi moja miaka kumi na tisa, na sijaona mwanamke anayejua kubana matumizi kama yule. Mikate ya kadi ya serikali walistahili ishirini kwa siku, watu wanne. Yeye alichukua kumi na minne, sita akaiacha igeuke pointi, na mwisho wa mwezi pointi zikarudi nyumbani zikiwa chupa ya mafuta na kilo mbili za sukari. Ijumaa walikula kuku, yaani shingo na miguu, na supu yake ikapikiwa mlenda Jumamosi. Majani ya chai yalichemshwa mara mbili. Hita ya maji iliwashwa siku moja kwa juma, na wote wanne walioga kwa foleni, na ole wake atakayeimba bafuni.

Tulimcheka, lakini tulimwonea gere. Paundi ilipoanguka na bei zikapanda kama zimechanganyikiwa, blanketi alilolinunua kwa mia nne likawa linauzwa elfu tatu na mia mbili dukani. Wenye mabinti walishika vichwa. Inshirah alikuwa nayo kumi na mawili chini ya kitanda. Akatembea ngazi ile kichwa juu, na haki yake alikuwa nayo.

Rihab akaposwa. Bwana harusi aliitwa Shadi, kijana wa duka la vipuri vya pikipiki, mpole. Orodha ya vyombo ikaandikwa na kutiwa saini na pande zote mbili, na mstari wa tisa ulisema: mablanketi kumi na mawili, mapya. Harusi ingekuwa Aprili.

*

Ijumaa moja ya mwezi wa Tuba, ile baridi ya Januari inayopenya mpaka kwenye uboho, Mama Shadi alituma salamu kwamba atapita baada ya sala.

Inshirah alifagia, akapanga, akatazama nyumba yake kwa macho ya mgeni. Macho ya mgeni yakatua kwenye kitanda cha Hajja Wahiba, mama yake Mitwalli. Bibi huyo alikuwa na miaka themanini na moja, mdogo kama mtoto wa shule, na alijifunika blanketi la kijivu lililokuwa la mumewe jeshini. Lilikuwa na viraka saba. Juu yake kulikuwa na jingine, jembamba, ambalo Inshirah alimpa Desemba. Hilo lilikuwa la Inshirah mwenyewe. Tangu Desemba yeye na mumewe walilala na makoti. Nalisema hili kwa sababu watu wanapenda kulisahau.

"Hajja, nisamehe," alisema, tayari ameshayavuta yote mawili. "Mama Shadi anakuja. Yule mwanamke macho yake yanaona hadi nyuma ya ukuta. Nitakufunika shuka hili jeupe, ukae vizuri kama malkia. Nusu saa tu."

"Malkia wa barafu," alisema Hajja Wahiba, akacheka kwa fizi zake. "Haya mwanangu. Mheshimu mgeni."

Mablanketi machakavu yakatupwa nyuma ya kabati. Mama Shadi akaja. Hakukaa nusu saa. Alikaa saa mbili na dakika arobaini, akanywa chai, akanywa mdalasini, akala halua iliyokuwa ya kesho, na akazungumza.

"Mmesikia ya binti wa Mansuri?" alisema, akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha Hajja. "Vyombo vimefika kwa mkwe, mifuko miwili imekutwa uzi umekatwa. Ati waliangalia rangi tu! Rangi gani ya kuangaliwa kwa mkasi? Maskini yule msichana, wataimbiwa mpaka wajukuu."

"Watu hawana haya," alisema Inshirah.

"Hawana. Lakini wewe Mama Rihab sina wasiwasi nawe. Mji mzima unajua mkono wako."

Inshirah alitabasamu mpaka masikio yakamuuma. Hajja Wahiba naye alitabasamu, mikono ameifumbata chini ya shuka. Rihab, aliyekuwa akipeleka sinia jikoni, aliona midomo ya bibi yake imebadilika rangi. Akamkonyeza mama yake. Mama yake akamkonyeza vilevile, yaani: subiri.

Mgeni alipoondoka, Inshirah alikimbia nyuma ya kabati. Akamfunika Hajja, akamsugua miguu, akaijaza chupa ya soda maji ya moto, akaivisha soksi na kuiweka miguuni pake. Bibi alikuwa anatetemeka, lakini hakulalamika. Alisema tu kwamba yule mwanamke anaongea sana, Mungu amsaidie Shadi na baba yake. Kikohozi kilianza jioni ile ile.

*

Asubuhi ya Jumamosi walikunywa chai chumbani kwa Hajja, kwa kuwa ndicho chumba kilichopata jua, kama lipo. Mitwalli alikuwa kwenye kiti karibu na mlango, amevaa sare ya kazi. Rihab alikuwa akisuka nywele zake.

"Inshirah mwanangu," alisema Hajja Wahiba. Alisema taratibu, kama anayeomba chumvi kwa jirani. "Lile moja la rangi ya komamanga. Nilikuona ulipolinunua, nikalipenda. Nipe nijifunike mpaka baridi hii ipite. Nitalitunza. Sitalimwagia hata tone la chai. Halafu utalirudisha mfukoni."

Inshirah alicheka. Ndivyo ilivyokuwa, alicheka. Hakuwa na ubaya moyoni. Alicheka kama mtu aliyeambiwa aezue paa la nyumba alifanye kuni.

"Hajja wangu, na uzi? Mama Shadi nimwambie panya wameukata? Jana umemsikia kwa masikio yako."

"Uzi unashonwa."

"Huo haushoniki. Ni wa mashine."

Rihab aliacha nywele zake nusu. "Mama, ni vyangu au si vyangu? Mimi nampa. Mpe bibi."

"Vyako siku utakapovuka mlango ule. Leo ni vyangu, na vidole vyangu hivi vimechubuka kwa ajili ya vyombo hivyo."

"Basi hata sivitaki!"

"Sema tena."

Rihab aliinama na kuvuta mfuko mmoja kutoka chini ya kitanda. Inshirah akampiga mkono, si kwa nguvu, lakini kofi lilisikika. Msichana akauachia mfuko. Akabaki amepiga magoti sakafuni, machozi yanamlengalenga, na bibi yake ndiye aliyemnyamazisha.

"Basi, basi. Nimesema upuuzi wa uzee. Hayo ni ya bibi harusi. Bibi kizee anayetaka nguo za bibi harusi ana wazimu."

"Si hivyo Hajja," alisema Inshirah, na sasa moyo ulikuwa umemlainika. "Nisikilize. Jumanne ni siku ya soko la mitumba. Nitakwenda mapema nikuchagulie zito, la Kituruki, kwa mia tatu au mia tatu na hamsini. Pesa ninayo, ya mtungi wa gesi, tutapikia jiko la mafuta wiki moja. Leo na kesho madukani wataniua. Unaweza kusubiri mpaka Jumanne?"

"Kwa nini nisiweze?" alisema Hajja Wahiba. "Nina miadi wapi?"

Mitwalli muda wote huo alikuwa akiitazama chai yake. Alimaliza, akaweka glasi dirishani, akasema amechelewa kazini.

*

Jumapili kikohozi kilishuka kifuani. Nilikutana na Inshirah kwenye ngazi, ana majani ya mpera aliyoyaomba kwa bibi wa ghorofa ya chini ili ayachemshe. Alisokota kona ya mtandio wake akiongea.

"Daktari mia tatu, na hajaandika dawa bado. Mfamasia amesema nianze na karatasi moja ya vidonge, nikiona nafuu ninunue ya pili."

Nilimwambia Mungu atampa afya. Nami nilikuwa na mablanketi manne juu ya kabati langu, ya binti yangu, na uzi wake. Sikumwambia njoo uchukue moja. Wala wazo halikunipitia, na hilo ndilo linalonila. Ukiwa umezoea kukiita kitu akiba, hukioni tena kama kitu cha kufunika mtu.

Jumatatu alfajiri Hajja hakuweza kukaa. Mitwalli alimbeba mikononi mpaka kwenye bajaji. Hospitali ya umma ikampokea, ikampa hewa ya mtungi na kitanda karibu na dirisha lililozibwa kwa karatasi ya boksi. Muuguzi, mwanamke mnene aliyechoka, alimtazama mgonjwa na kisha akaitazama familia.

"Blanketi mliloleta ni hili?"

Lilikuwa lile la kijivu, na lile jembamba juu yake halikuhesabika. Viraka vilionekana vizuri sana chini ya taa za hospitali.

"Ndiyo hili," alisema Inshirah.

"Sisi hatuna ya kutosha. Leteni zito. Kifua hiki hakitaki mchezo."

Inshirah alirudi nyumbani. Alipiga magoti, akauvuta mfuko wenye blanketi la komamanga, akachukua mkasi wa jikoni na kuupitisha chini ya uzi mwekundu. Alikaa hivyo. Akahesabu kichwani: likiingia hospitali halitoki na harufu yake, na pengine halitoki kabisa, maana huko vitu vinaibwa. Elfu tatu na mia mbili. Mshahara wa Mitwalli ni elfu sita. Aprili iko karibu. Na kesho ni Jumanne, kesho tu, saa kumi na tano kutoka sasa! Akautoa mkasi. Akachukua makoti mawili waliyokuwa wakijifunika usiku, akayapeleka hospitali, akamfunika Hajja moja juu ya jingine.

"Kesho asubuhi na mapema," alimwambia sikioni.

Hajja Wahiba alifungua macho. "Nenda kalale mwanangu. Umechoka."

*

Jumanne saa moja asubuhi alikuwa sokoni, wa kwanza. Marobota yalikuwa yanafunguliwa. Na alilipata, wallahi alilipata: zito, la rangi ya bluu iliyoiva, halina doa. Muuzaji akataka mia tano.

"Mia tano kwa blanketi lililovuliwa maiti?" alisema Inshirah.

"Mama, hilo limetoka hoteli ya Istanbul."

"Basi lirudishe Istanbul. Mia mbili na hamsini."

"Mia nne na hamsini, na nakula hasara."

Akaondoka, kama inavyotakiwa. Akazunguka meza nyingine tatu, akagusa, akakunja uso, akarudi. Mia nne. Akaondoka tena. Ndivyo alivyonunua kila kitu maishani mwake, na ndivyo tulivyomsifu. Ilipofika saa tatu kasoro muuzaji alirusha mikono juu. "Chukua kwa mia tatu na ishirini, uniondokee, umenifungia riziki!" Inshirah alilipa, akalibeba kichwani, na ili kuokoa nauli ya bajaji akatembea. Njiani alijisikia vizuri. Alikuwa ameokoa mia moja na themanini.

Mitwalli alikuwa amesimama nje ya mlango wa wodi. Alipomwona na mzigo wake kichwani, akageuza uso ukutani.

"Saa ngapi?" aliuliza Inshirah.

"Saa mbili na nusu."

"Alisema nini?"

"Aliuliza kama umefika."

Daktari kijana aliwaambia kwamba yalikuwa mapafu, na umri, na kwamba blanketi peke yake halingebadilisha kitu. Pengine alisema kweli. Inshirah alimshukuru. Lakini kuanzia saa ile hakuna aliyeweza kumwambia kwa hakika kama lingemwokoa, na hatapatikana wa kumwambia.

*

Waliomwosha walikuwa wanawake wawili wa msikiti wa jirani. Walifanya kazi yao vizuri, bila haraka. Sanda ilikuwapo, maana Hajja Wahiba aliileta mwenyewe kutoka Makka. Jeneza likawekwa ukumbini. Nyumba ilijaa, ngazi ilijaa, wanaume walikuwa chini wakisubiri sala ya adhuhuri. Mwoshaji mmoja akatoka, akifuta mikono.

"Leteni blanketi la kufunika jeneza. Safi."

Lile la bluu lilikuwa kona ya ukumbi, linanuka marobota. Lile la kijivu na lile jembamba yalikuwa yamebaki hospitali. Sote tulimtazama Inshirah. Sikuwa na maana yoyote nilipomtazama, na nadhani wengine pia, lakini macho ni macho, na kati yetu alikuwapo Mama Shadi na abaya yake nyeusi.

Inshirah aliingia chumbani. Alichukua mkasi, akakata uzi mwekundu mara moja, kama anayekata uzi wa kifungo. Zipu ikafunguka. Akatoka na blanketi la komamanga, likameremeta ukumbini kiasi kwamba mtoto wa mtu alisema, "Zuri!" Akalitandaza juu ya jeneza, akanyoosha pembe zake nne kwa viganja. Haikuchukua dakika tano.

Wanaume wakambeba Hajja Wahiba, wakashuka naye ngazi.

Wanawake tulibaki. Mama Shadi alisogea karibu na Inshirah, akamshika mkono na kusema kwa sauti ambayo wote tuliisikia:

"Umemheshimu mama mkwe wako, Mama Rihab. Wengine wangeweka shuka. Mungu akulipe."

"Amina," tukaitikia.

"Na ile orodha usiiwazie. Nitamwambia Baba Shadi apitishe kalamu, aandike kumi na moja. Kwani nani analala chini ya mablanketi kumi na mawili? Mimi mwenyewe manane yangu yana uzi mpaka leo, na nimeolewa miaka thelathini na moja."

Inshirah alimgeukia. "Apitishe kalamu?"

"Eeh. Mstari mmoja tu. Ungeniambia kabla, ningekuwa nimeshaufuta."

Hapo ndipo alipolia, na sisi tukaona ni kilio cha msiba, tukamletea maji.

*

Baada ya alasiri Mitwalli alirudi kutoka makaburini. Waombolezaji walikuwa wamepungua. Blanketi lilikuwa begani mwake, limekunjwa mara nne. Alikwenda nalo barazani, akalikung'uta vumbi, akaligeuza, akalikagua kwenye mwanga kama alivyozoea kukagua vitambaa kiwandani. Mimi nilikuwa jikoni kwao nikiosha glasi, na kila neno nililisikia.

"Halijachafuka," alisema. "Vumbi kidogo tu. Ukilikunja vizuri, likarudi mfukoni..."

Inshirah alikuwa amekaa kwenye kitanda cha Hajja, kwenye godoro tupu.

"Aliniomba, Mitwalli. Jumamosi. Aliniomba hili hili."

"Najua."

"Nikamcheka."

"Najua, Inshirah." Aliliweka blanketi mapajani mwa mkewe, akakaa sakafuni kando ya miguu yake. "Nilikuwa pale mlangoni na chai yangu. Nilisubiri useme hapana, kwa sababu niliogopa kuisema mimi. Hata mama yangu sikumtazama. Nilikuwa nawaza elfu tatu na mia mbili."